Kuvu za mizizi: Hazina ya kaboni chini ya miti ya Karura

MSITU wa Karura, ulio kilomita chache magharibi mwa mtaa wa viwanda wa Baba Dogo, Nairobi, hujulikana kwa miti yake na kwa mapambano aliyoyaongoza Profesa Wangari Maathai mwaka 1998 na 1999 kuuokoa kutoka kwa wanyakuzi wa ardhi. Kisichoonekana ni kuvu zinazoishi na mizizi, ambazo huchangia pakubwa kuamua kaboni itakayosalia udongoni.

Uhusiano huo ni wa kubadilishana. Majani hunasa hewa ya kaboni na kuigeuza sukari. Sehemu ya sukari hiyo huteremka mizizini kulisha kuvu. Kuvu nazo hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikafika pasipofikiwa na mizizi, na kuuletea mti fosforasi, nitrojeni na maji. Nyuzi zikifa, baadhi ya mabaki yake hunata kwenye chembe za mfinyanzi na kukaa humo miaka mingi. Mengine hurejea hewani upesi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa mimea duniani huzipa kuvu hizo kaboni sawa na tani bilioni 13 za kaboni dioksidi kila mwaka, zaidi ya theluthi ya ile itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hicho ni kiasi kinachoingia, wala si kinachobaki. Tofauti hiyo husahaulika mno.

Kuvu zenyewe si za aina moja. Miti mingi ya kiasili ya Karura, kama mutamaiyu, ina kuvu zinazopenya ndani ya seli za mizizi. Misonobari iliyoletwa kutoka ng'ambo, sawa na miyombo ya Tanzania, ina kuvu zinazoivika mizizi ala, na nyingi kati ya hizo ndizo huchipuza uyoga. Misonobari ya kwanza Afrika Mashariki ilidumaa hadi udongo wenye kuvu zake ulipotiwa vitaluni.

Desemba 2022, Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hesabu ya miche haionyeshi hali ya udongo. Tingatinga likifukua msitu, nyuzi hukatika, sukari hukoma kuteremka, na kaboni iliyokusanywa kwa miongo huoza na kupanda hewani. Mche uliopandwa Baba Dogo, kwenye udongo ulioshindiliwa na malori, huanza bila mtandao huo, na kuvu hurejea polepole. Ndiyo sababu wenye vitalu huchanganya udongo wa chini ya miti mikongwe na ule wa kuoteshea miche.