Toleka haikungoja mradi



Mwaka 1973 Mobutu alitwaa maduka ya wageni, akawapa Wazairi. Wengi waliuza mali waliyoikuta ndani bila kununua ingine. Maduka ikabaki tupu.

Vita ya 1998 ilipofunga njia ya mto ya Kinshasa na mafuta ikakosekana, toleka zilienea Kisangani: kinga yenye kiti laini nyuma, ya kubeba watu. Vijana hawakungoja mradi. Hata nyuma ya vita ya siku sita, Juni 2000, waliendelea kukanyaga.

Basi, mbele ya kusaidia kikundi, tuulize: wenyewe wameshatoa nini? Pale likelemba yao inapofika mwisho, ndipo tuongeze. Tukiwapa yote siku ya kwanza, watakula yaliyopo na kungoja mengine, sawa na yale maduka.