Siku moja Tukuyu: boma, ziwa na hela

Najua nimepotea kidogo. Mitihani ilitubana, halafu likizo ikaniita nyumbani Igogwe, wilaya ya Rungwe. Safari hii sikwenda peke yangu. Nilikwenda na wenzangu wawili tunaosoma nao Historia, mmoja Mhaya wa Bukoba na mwingine dada wa Tanga, ambaye tangu ashuke kwenye basi hakuvua sweta mpaka siku ya kuondoka. Teh teh!

Jumamosi tukasema leo ni kutembea tu. Tuliondoka asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, tukaanza na Daraja la Mungu kule Kiwira. Kwa ambao hamjafika, ni mwamba wa lava ya volkano uliokaa kama daraja, mto Kiwira unapita chini yake. Hakuna fundi aliyeujenga. Picha tulipiga za kutosha, kisha tukadandia gari la Tukuyu.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Tumesimama karibu na boma la Mjerumani, Mhaya akaniuliza, "Haya mwenyeji, huu mji wenu ulianzaje?" Jamani! Pale nimepita tangu shule ya msingi, naenda na mama kununua madaftari. Kichwani nilikuwa na sentensi moja tu: "Wajerumani walijenga." Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, tena mwalimu mtarajiwa! Nikajifanya nasoma meseji kwenye simu.

Basi niliporudi chuoni nikaingia maktaba, na jibu lenyewe ndilo hili. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika na kuanzisha misheni ya Rungwe, na wale wa Berlin wakafika mwaka huohuo. Mwaka 1893 akaja Hermann von Wissmann na watu wake, wameleta meli kwa vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Wakajenga kituo ufukweni mwa Ziwa Nyasa wakakiita Langenburg, kwa heshima ya mwanamfalme mmoja wa kwao aliyeongoza chama cha kutetea makoloni. Baadaye utawala ukahamia huku juu kwenye baridi, na Tukuyu ikaandikwa kwenye ramani zao Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Mwanamfalme wa Ulaya akapewa mji katikati ya migomba yetu! Jina hilo halikudumu. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini yakauchukua mji, na leo hakuna anayeuita Langenburg.

Turudi kwenye matembezi. Mchana tukaenda Masoko kwenye ziwa Kisiba. Ni ziwa la kasoko, la mviringo, limetulia kama maji ya kwenye beseni. Pembeni kuna jengo la mawe walilolitumia askari wa Kijerumani, ambalo baadaye likawa mahakama. Inasimuliwa kwamba wakati wa vita Wajerumani walitupa fedha zao ziwani ili Mwingereza asizipate. Kijana mmoja akatoa mfukoni sarafu ya shaba iliyochakaa, tukaisoma kwa shida: 1 HELLER. Dada wa Tanga akapiga kelele, "Kumbe hela!" Ndiyo, hela. Sarafu hizo zilianza mwaka 1904, 100 zikifanya rupia moja. Mjerumani aliondoka, jina la sarafu yake likabaki midomoni mwetu. Kila tukilalamika bumu halijatoka na hatuna hela, tunamtaja bila kujua.

Tukarudi Igogwe jioni tumechoka. Bibi alikuwa jikoni, amekaa karibu na moto. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi," halafu kwa mbwembwe nikamsimulia habari za sarafu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akageuza kuni, akasema:

"Wote mnaokwenda kule mnauliza hela. Mbona watu hamuwaulizi?"

Akatueleza kwamba babu yake na mdogo wake babu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo. Walikwenda wawili, akarudi mmoja, bega lake lina kovu la mzigo. Yule mwingine hawakuambiwa alifia wapi, na mama yao aliendelea kumtengea chakula kwa miaka. Bibi alitaja jina lake taratibu. Nina miaka 23, na ndiyo mara ya kwanza kulisikia.

Wadau, upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokadiriwa kufika milioni moja walitumika katika vita ya Afrika Mashariki, na waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa magonjwa na uchovu. Namba hizo nilizikariri mwaka wa kwanza na nikapata maksi zangu. Sikujua kwamba mmoja wao ni wa kwetu. Northey na Wissmann wapo vitabuni. Huyu wa kwetu alikuwa amebaki kwa bibi tu, na bibi ana miaka 84.

Mhaya alitoa daftari palepale akamwomba bibi arudie pole pole. Tuliandika mpaka kibatari kikaisha mafuta. Asubuhi dada wa Tanga akaniambia akifika kwao atamuuliza babu yake mambo ya mashamba ya mkonge kabla hajachelewa.

Mwezi ujao tunakwenda mazoezi ya kufundisha. Nikipewa Kidato cha Tatu na mada ya ukoloni, kazi ya kwanza haitatoka kitabuni. Nitawaambia waende nyumbani wakamuulize mzee mmoja, warudi na jina moja. Na wewe unayesoma hapa, piga simu kwenu leo.

Ngoja nikadese, kesho kuna testi!