Mbele ya Kununua Pistoni, Uliza Esanse Kwanza

Ba kaka na ba dada, najua wengine watashangaa kuona mtu wa agronomia anaandika juu ya moteri. Ni kweli, nilisoma udongo na mbegu, sikusoma mekanike. Lakini mkulima asiye na gari mavuno yake yanaozea shambani. Njo maana mimi na yaya wangu tuliamua kutengeneza upya moteri ya pikapu moja ya zamani, ya esanse, silinda nne, tupate kupandisha mihogo toka Kamanyola mpaka Bukavu.

Muuzaji wa vipuri alituonyesha pistoni zenye kichwa kilichoinuka kama kilima. "Hizi ni za mashindano," akasema, "zitawapa nguvu." Tukalipa na furaha. Miezi mitatu haikuisha, moteri ikaanza kugonga kwenye mapando, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Sisi tukazidi kukanyaga. Siku moja moshi wa bluu ukatoka nyuma, na nguvu ikaisha. Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa imepasuka pale segmenti zinapokaa. Pesa ya msimu mzima wa mihogo ililala pale kwenye meza ya garaji.

Fundi mzee aliyetufungulia hakutukana mtu. Alisema tu: "Watoto yangu, mulichagua pistoni, lakini hamukuchagua mafuta." Neno hilo lilinifanya nisome, na nikakuta nyuma yake kuna historia ya zaidi ya miaka 100, yenye akili nyingi na aibu pia.

Tuanze na hesabu, juu bila hiyo hatutaelewana. Tuseme pistoni inaposhuka inafungua nafasi ya sentimita za ujazo 500. Inapopanda mpaka mwisho, juu yake kunabaki nafasi ndogo ya 62.5. Jumla ni 562.5. Gawanya kwa 62.5, unapata 9. Hiyo njo kompresiyo: hewa na esanse vinabanwa mara 9 mbele ya buji kuwasha moto. Sasa weka pistoni yenye kilima kinachokula sentimita 12.5 za ile nafasi ya juu. Kunabaki 50. Chukua 550, gawanya kwa 50: 11. Hatukugusa kitu kingine, tumebadilisha kichwa cha pistoni tu, na moteri imekuwa nyingine kabisa.

Kwa nini watu wanatafuta kubana zaidi? Juu moto uliobanwa vizuri unasukuma pistoni kwa nguvu na kwa muda mrefu, na esanse kidogo inafanya kazi kubwa. Nikolaus Otto, Mjerumani, alipotengeneza moteri yake ya hatua nne mwaka 1876, kompresiyo ilikuwa mara 2.5 hivi. Gari ya Ford Model T, iliyoanza mwaka 1908, ilikuwa na 4.5, halafu Ford wakaishusha karibu na 4. Moteri ya lita 2.9 ikitoa nguvu za farasi 20 tu! Leo pikipiki inaikaribia.

Je, wale watu hawakujua hesabu? Walijua sana. Shida ilikuwa esanse. Ukibana mchanganyiko, unapata joto. Buji inawasha upande mmoja, moto unatembea, na ile sehemu ya mwisho ambayo moto haujafika inazidi kubanwa na kupata joto, mpaka inalipuka yenyewe kwa mara moja. Mlipuko huo unapiga kuta za silinda kama nyundo. Njo kugonga kwenyewe. Ukiuacha, unatoboa pistoni au unaivunja, kama yetu.

Zamani watu hawakuelewa kugonga kunatoka wapi. Huko Marekani, Charles Kettering, yule aliyetengeneza starteri ya umeme kwa gari za Cadillac za mwaka 1912, alilaumiwa kwamba mfumo wake wa umeme njo unagongesha moteri. Halafu kampuni yake ikaanza kuuza jenereta ndogo za kuwasha taa kwa wakulima wa vijijini. Zilitumia petroli, ile ya taa. Nazo zikagonga vibaya sana.

Mwaka 1916 Kettering akampa kazi hiyo kijana mmoja mwenye miaka 27, Thomas Midgley. Na hapa mtu wa mimea anacheka kidogo. Walikumbuka kuna mmea mdogo wa porini wenye majani mekundu unaochanua mapema sana, baridi haijaisha. Wakafikiri: labda rangi nyekundu inashika joto, basi tupake petroli rangi! Midgley akatafuta rangi nyekundu, hakupata, akachukua iyodini iliyokuwa karibu. Kugonga kukapungua. Halafu akajaribu rangi nyekundu za kweli: hakuna kitu. Wazo lilikuwa la uongo, lakini lilifungua mlango: kumbe kugonga ni shauri la kemia ya mafuta, si umeme wa buji.

Upande wa Uingereza, Harry Ricardo alikuwa anafika palepale kwa njia nyingine. Alijenga moteri ya majaribio ambayo kompresiyo yake inabadilishwa wakati inazunguka. Anaweka esanse ya aina fulani, anapandisha kompresiyo polepole mpaka moteri inagonga, anaandika namba. Anaweka esanse nyingine, anaanza tena. Kila mafuta yakapata mpaka wake. Tangu siku zile jambo lilikuwa wazi: si pistoni inayoamua kompresiyo, ni mafuta. Mwaka 1926 Graham Edgar akaleta kipimo ambacho tunatumia mpaka leo, oktani: kimiminika kimoja kinachokataa kugonga kikapewa 100, kingine kinachogonga haraka kikapewa 0, na esanse zote zikalinganishwa na mchanganyiko wa hivyo viwili.

Sasa, ukijua mafuta njo yanaweka mpaka, una njia mbili: ujenge moteri inayoheshimu mafuta yaliyopo, au ubadilishe mafuta. Wamarekani walichagua kubadilisha mafuta, na hapa njo historia inaumiza.

Dawa mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza ni alkoli, inayotoka kwa miwa, mahindi, hata mihogo. Oktani yake inapita 100. Midgley na Kettering waliijua, na waliisifu. Ya pili ni madini ya risasi, ambayo Midgley aliyagundua kuwa dawa ya kugonga tarehe 9 Desemba 1921. Risasi ilihitajika kidogo sana kwa kila lita, ilikuwa rahisi bei, na ilikuwa na hati ya ugunduzi inayoleta faida. Alkoli mkulima yeyote anaweza kutengeneza. Nani atatajirika nayo peke yake? Esanse yenye risasi ikaanza kuuzwa Dayton, Ohio, Februari 1923.

Mwaka uleule Midgley mwenyewe alikuwa anajitibu juu ya sumu ya risasi. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi walirukwa na akili, na watano wakafa. Daktari Alice Hamilton na wengine walionya kwamba sumu hiyo itasambaa barabarani. Uuzaji ulisimamishwa, wakafanya mkutano mwaka 1925, na 1926 ukaanza tena. Ikaendelea hivyo miaka mingi.

Na pistoni? Zilipanda. Mwaka 1949 moteri mpya za V8 za Oldsmobile na Cadillac zilikuwa na kompresiyo ya 7 na nusu hivi. Kufika mwaka 1970, Chevrolet iliuza moteri ya LT-1 ya lita 5.7 yenye kompresiyo ya 11, nguvu za farasi 370. Mwaka 1971 LT-1 ileile ikashuka mpaka 9, na namba ikawa 330. Kampuni ya General Motors ilishusha kompresiyo za gari zake zote, juu ilijua esanse isiyo na risasi inakuja, na vifaa vya kusafisha moshi, ambavyo risasi inaviua, vilifika kwenye gari za mwaka 1975.

Vijana wa mitaani wengi bado wanalilia ile 11 ya 1970. Lakini namba ile ilisimama juu ya damu ya watoto waliovuta moshi wa risasi na akili zao zikapungua. Huku kwetu tulikawia zaidi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na mwanzoni mwa 2006 zikawa zimeiacha. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Wengi wetu tunaosoma hapa tulizaliwa wakati risasi ilikuwa bado kwenye hewa ya miji yetu.

Basi ukitaka kujenga moteri ya barabara leo, anza pale Ricardo alianzia. Esanse gani utaipata kila siku? Si ile ya siku ya bahati, ni ile ya kila siku, pamoja na ya chupa ya kadhafi kando ya barabara, ambayo mara nyingine imechanganywa na petroli ya taa. Tumeona petroli ilivyogongesha jenereta za wakulima. Kwa moteri ya zamani, ya kabureta na kichwa cha chuma, 9 hivi inatosha. Mtu ataniambia Mazda wameuza gari yenye 14. Ndiyo, lakini ile iko na kompyuta na inanyunyizia esanse moja kwa moja ndani ya silinda. Pikapu yetu haina hata redio.

Na hasara ya kubaki kwenye 9 ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwa hesabu ya kitabu, kutoka 4 mpaka 8 faida ni karibu asilimia 43 kwenda 56. Kutoka 9 mpaka 11 ni 58 na nusu kwenda chini ya 62. Unahatarisha moteri nzima juu ya pointi tatu.

Chagua pistoni bapa, yenye kukaribia kichwa cha silinda kwa milimita moja hivi pale pembeni. Ricardo alionyesha kwamba nafasi hiyo nyembamba inasukuma mchanganyiko katikati, moto unatembea haraka, na kugonga kunapungua. Pistoni ya kumwagwa kwenye kalibu inatosha kwa barabara. Ile ya kufuliwa kwa kupondwa ni ngumu zaidi, lakini nyingi zinahitaji nafasi kubwa ndani ya silinda, na asubuhi zinapiga kelele mpaka zipate moto. Usisahau milima pia. Bukavu iko kwenye mita 1500 hivi, hewa ni nyepesi, na moteri inavumilia. Ukishuka Uvira, hewa inakuwa nzito na joto linapanda, na moteri ileile inaanza kugonga. Pima kwa Uvira, si kwa Bukavu.

Sisi tuliweka pistoni bapa, kompresiyo 9 kasoro. Fundi mzee alizungusha moteri, akasikiliza, akafunga boneti bila kusema kitu. Pikapu inapandisha mihogo mpaka leo. Na kila nikipita na mzigo ule, najiuliza: alkoli inayokataa kugonga iko ndani ya mihogo hii, Midgley alijua, na sisi wenye lisansi ya agronomia tumekaa tu tunangoja lori la mafuta. Ba kaka na ba dada, hilo mulifikirie.