Daftari la Mabati

Mvua ikinyesha Mathira, nyumbani kwa shosho hakuna mazungumzo. Nyumba haina dari, kwa hivyo kila tone linalogonga bati unalisikia. Ukitaka chumvi unaonyesha kwa kidole. Nimelala chini ya paa hilo tangu utotoni na sikuwahi kuuliza nani alililipia. Nilidhani ni guka. Kwetu kila kitu kilikuwa cha guka: shamba la guka, kahawa ya guka, hata mbwa alikuwa wa guka.

Nilirudi kwa shosho nikiwa mwaka wa tatu chuoni, bila digrii na nikiwa na deni la simu. Nilikuwa nimeanza kwa kukopa 5,000 za kodi ya nyumba. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani shilingi 375. Nani hulilia 375? Mwezi ukiisha nalipa, halafu jioni hiyohiyo nakopa tena, kwa sababu kodi nayo imefika. Nilienda hivyo mwaka mzima. Siku niliyokaa chini na kalamu ndipo nikaona nimelipa 4,500 ili kutumia zilezile 5,000. Chuoni nilifanya hesabu ngumu kuliko hiyo, lakini hiyo yenyewe sikuwa nimeifanya.

Shosho hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu.

"Hiyo pesa, wenzako wanajua unaidaiwa?"

"Hapana, shosho. Ni mimi na simu yangu."

"Basi hapo ndipo ulipopotea, mami."

Akaniambia nivute sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Ndani, chini ya leso mbili na kitambulisho cha guka, mlikuwa na daftari la shule lisilo na jalada. Ukurasa wa kwanza umeandikwa 1968. Kuna majina 22, karibu yote ya "Nyina wa" fulani, na mbele ya kila jina shilingi alizotoa kila mwezi. Pembeni, kwa wino tofauti, kuna alama ya msalaba. Nilifikiri ni waliokufa. Shosho akacheka hadi akashika mbavu. Msalaba ni mama aliyekwisha kuezekewa nyumba.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na vikundi vya mabati. Vilienea Nyeri, Murang'a na Kiambu katika miaka ya 1960 na 1970, na bila kuvijua huwezi kuelewa kwa nini mwanamke wa kwetu akishika pesa kidogo anakimbilia chama.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, vikatolewa hati. Mwafrika akaruhusiwa kupanda kahawa kwa wingi kuliko zamani. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na wanawake walikuwa wamefungiwa katika vijiji vya dharura, wakichimba mitaro kwa lazima. Hata hivyo hati zilipotoka, ziliandikwa karibu zote kwa majina ya wanaume. Kabla ya hapo ardhi ilikuwa ya ukoo, na mke alikuwa na sehemu yake ya kulima ambayo haikuwa rahisi kumnyang'anya. Sasa ikawa na mwenyewe mmoja, kwenye karatasi. Sheria ya ardhi ya 1963 ikakaza fundo hilo: aliyeandikwa ndiye mwenye mali.

Karatasi ya ardhi ikazaa karatasi nyingine. Mwanachama wa chama cha ushirika cha kahawa alikuwa mwenye shamba, kwa hivyo malipo yalitoka kwa jina lake. Shosho alipalilia, akachuma, akabeba gunia mgongoni mpaka kiwandani. Siku ya malipo guka alivaa koti. Simsemi vibaya, shosho mwenyewe anasema alikuwa mtu mzuri, "ila pesa ya kahawa ilikuwa inachoka njiani."

Wanawake wangefanya nini? Kugombania ile hati hawangeweza. Walirudi kwa kitu walichokijua: ngwatio, ule utaratibu wa zamani wa kulimiana mashamba kwa zamu. Waliugeuza kidogo tu. Badala ya kulimiana, walienda pamoja kufanya kibarua kwenye mashamba ya watu, kupalilia au kuchuma, na malipo yakaingia kwenye mfuko mmoja. Juu yake kila mmoja aliongeza shilingi zake chache za kuuza maharagwe au mayai. Mfuko ukijaa, wananunua mabati ya nyumba moja. Mwezi mwingine, au msimu mwingine, nyumba nyingine. Hadi wote waishe.

Kwa nini mabati, si ng'ombe au nguo? Shosho anahesabu kwa vidole. Kwanza, ardhi ilipowekewa mipaka, nyasi za kuezekea zikawa shida. Huwezi kukata kwa jirani. Pili, maji: bati na mfereji na pipa vilimpunguzia safari za mtoni. Ya tatu aliisema kwa sauti ya chini. Bati huwezi kulinywa. Pesa ikikaa ndani ya nyumba ina wenyewe wengi: mume, shemeji, mgonjwa, harusi. Ikiwa kwenye kikundi, ukiombwa unasema kweli kabisa kwamba huna. Ikirudi kwako imekwisha kuwa paa, na paa haliombwi na mtu.

Baada ya mabati vikundi vingi viliendelea: matangi ya maji, vyombo, ng'ombe wa gredi. Mwaka 1977 Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Tetu, alipoanzisha Green Belt Movement, alifanya kazi na wanawake walewale waliokwisha kuzoea kukaa kwa vikundi. Walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioota na kudumu. Dunia inakumbuka miti na ile Nobeli ya 2004. Mimi siku hizi nakumbuka zile senti, zilizoingia mkononi mwa mama bila kupitia hati ya mtu. Taasisi zikafuata nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilianzishwa Kenya Women Finance Trust, likikopesha wanawake kupitia vikundi, wenzako wakiwa ndio dhamana yako. Mwaka 1984 Equity ilianza kule Kangema, Murang'a, kama shirika dogo la kukopesha watu nyumba. M-Pesa ikaja 2007, na miaka michache baadaye mikopo ya simu. Hapo ndipo tulipotoka kwenye daftari linalosomwa mbele ya wanawake 22, tukaingia kwenye skrini ambayo hakuna mwingine anayeiona. Wakopeshaji wa simu wasio benki hawakuwekwa chini ya Benki Kuu hadi sheria ya Desemba 2021. Wengi wa rika langu tulikuwa tumeshaungua.

Lakini sitaki kumfanya shosho kuwa malaika wa fedha. Mabati yalikuwa na kasoro moja kubwa: yalikaa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Alipata paa, hakupata udongo. Guka alikufa na hati ikabaki kwa jina lake, kama ilivyo kwa boma nyingi Nyeri. Mwaka jana wajomba zangu wakaamua kugawana, na upande wa barabarani wauze ploti. Mamangu hakuhesabiwa kwa sababu "aliolewa", ingawa amerudi nyumbani miaka kumi na tano iliyopita. Shosho angejengewa chumba nyuma. Nyumba ya zamani ingebomolewa.

Sheria inasema vingine. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, inampa mjane haki ya kukaa na kutumia mali ya mumewe maishani mwake, na baada yake haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Kuhusu mali ya ndoa, sheria ya 2013 inahesabu hata kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango. Ila Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa peke yake haikupi nusu. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Kuonyesha ndiko kugumu. Mama zetu walichangia kila kitu na hawana risiti hata moja.

Shosho alikuwa nayo. Siku ya kikao alikaa kwenye kiti chake, akanipa daftari. "Soma." Mjomba mkubwa akasema hiyo ni nyumba ya baba. Nikasoma tarehe, shilingi, idadi ya mabati: 24, na msalaba pembeni. Nikasoma majina ya waliokuja kuezeka. Wawili kati yao bado wako hai na walikuwa wamekaa kwenye benchi pale nje, shosho amewaita. Hakuna aliyeomba msamaha. Mjomba aliomba tu alione lile daftari, akalifungua polepole, akalirudisha. Kesi ya urithi sasa iko mahakamani na jina la mamangu limo. Nyumba bado imesimama.

Mimi na wasichana wanne tumeanza kitabu chetu. Tunakutana Karatina, Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila mtu na 500. Aliye na deni analisema kwa mdomo, kiasi na ada, na tunapiga hesabu ya mwaka pamoja kabla hajakopa tena. Siku ya kwanza nilisema langu nikitetemeka. Nilimaliza kulilipa mwezi wa nane. Kila tunachotoa kinaandikwa, na kila ninachonunua kwa zamu yangu kina risiti yenye jina langu kamili, si Nyina wa mtu.