URAIBU: HISTORIA YA NENO NA YA VIPOKEZI VYA UBONGO

Kisiwa cha Mafia, pamoja na Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu, kimelala mbele ya milango ya mto Rufiji, katika njia ya kale ya vyombo vilivyoshuka kutoka Unguja kwenda Kilwa. Mambo mengi ya pwani yalifika huko kwa njia hiyo, na mojawapo ni desturi ya kutafuna tambuu. Katika kijaluba cha mtafunaji hukutwa jani la mtambuu, popoo iliyokatwa vipande, chokaa, tumbaku, na pengine katu. Vitu hivi vikikusanywa pamoja huwa na jina moja, nalo ni uraibu. Frederick Johnson, katika kamusi iliyotolewa mwaka 1939 kwa kazi ya Halmashauri ya Lugha, alilieleza neno hilo kwa maana hiyo ya mchanganyiko wa kutafuna. Leo mtu akisema uraibu, wasikiaji wengi hawafikiri tambuu hata kidogo. Hufikiri heroini, pombe na ugonjwa. Jina la kitu limekuwa jina la hali ya mwenye kukitumia. Jambo hili si la lugha tu, kwa maana elimu ya dawa nayo, katika muda wa miaka mia na zaidi, imekuwa ikiuliza swali lilelile: kinachomfunga mtu ki ndani ya kijaluba au ki ndani ya mtu?

Kwanza yapasa kutenganisha vilivyomo kwa umri wake. Tambuu ni neno lililopitia Kiajemi na Kiarabu kutoka lugha za Bara Hindi, na popoo laelekea kuwa ndugu wa fufali la Waarabu. Vitu hivi viwili ni wakazi wa zamani wa pwani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sahani ya majani ya tambuu na popoo, kama ilivyokuwa heshima ya mgeni. Kisha akaendelea kusini mpaka Mombasa na Kilwa, na mwendo huo wapita jirani na Mafia. Tumbaku haikuwamo katika sahani ile, wala haikuweza kuwamo. Mmea huo ni wa nchi za Amerika, na haukuvuka bahari ila baada ya safari za Wahispania na Wareno. Basi uraibu ulioelezwa na kamusi ya 1939 una tabaka mbili: ya chini ni ya popoo, na ya juu ni ya tumbaku, nayo ni changa kwa karne nyingi.

Chokaa ni kitu cha nyumbani. Mafia ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na mwaka 1995, mwaka uleule ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, wataalamu wa bahari walikuwa wakiandika juu ya hasara ya uchimbaji huo kwa miamba. Aghalabu chokaa ya ujenzi ndiyo iliyokuwa sababu. Ile ya kijaluba ni kidogo sana, huchotwa kwa ncha ya kidole. Lakini pasipo hiyo mchanganyiko hupwaya. Asili ya popoo na asili ya tumbaku zote mbili ni za jamii ya alikaloidi, na chokaa huzigeuza ziwe katika hali ya kupenya ngozi laini ya mdomo na kuingia damuni. Watafunaji walilijua tendo hilo karne nyingi kabla ya wakemia kulieleza.

Nikotini ilitengwa kutoka tumbaku mwaka 1828 na Posselt na Reimann, huko Heidelberg. Arekolini, asili ya popoo, ilitengwa na Jahns mwaka 1888. Miaka saba baada yake, mwaka 1895, Oscar Baumann alizuru Mafia, nchi ikiwa imekwisha ingia mikononi mwa Wadachi, na kitabu chake juu ya kisiwa hicho kilitoka Leipzig mwaka 1896. Hivyo kisiwa na popoo viliingia katika vitabu vya Wadachi karibu wakati mmoja, kila kimoja kwa wasomaji wake.

Wakati huo hakuna aliyejua alikaloidi hizo zinafanya kazi mahali gani. Jibu lilianza kwenye mate, nalo ni jambo la kumfurahisha kila aliyewahi kuona mate mekundu ya mtafuna tambuu. Mwaka 1878 J. N. Langley wa Cambridge alichunguza tezi ya mate ya paka. Aliona kwamba pilokapini, alikaloidi ya mmea wa Brazili, huyatiririsha mate, na atropini huyazuia, na kwamba dawa hizi mbili hushindana kana kwamba zagombea kiti kimoja. Mwaka 1905, akitumia nikotini na kurare juu ya misuli, alisema wazi kwamba katika chembe ya mwili mna kitu maalumu cha kupokea dawa. Paul Ehrlich, huko Ujerumani, alikuwa amefikia wazo la namna hiyo kwa njia nyingine, na jina alilolitumia ndilo lililoenea. Kwa Kiswahili huitwa kipokezi.

Popoo hufanya kama pilokapini: huleta mate, jasho na kichefuchefu kwa asiyezoea. Mnanaha, ambao wenyeji wa pwani huuogopa kwa kurusha akili, una atropini na ndugu zake, nao hukausha mdomo. Mimea hii miwili, kwa hiyo, huvutana juu ya kipokezi kimoja. Tumbaku haimo katika ugomvi huo. Henry Dale alilieleza hilo mwaka 1914 alipokuwa akichunguza asetilikolini: aliona kwamba kitu hicho kimoja kina matendo ya namna mbili, moja kama la muskarini, sumu ya uyoga, na jingine kama la nikotini. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha, kwa mioyo ya vyura, kwamba mshipa wa fahamu humwaga kitu kinachopeleka habari kwa moyo, na kitu hicho baadaye kilijulikana kuwa ni asetilikolini. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936. Ikawa mjumbe ni mmoja, na milango ni ya jamii mbili. Mtafunaji wa Mafia aliyekunja tambuu pamoja na tumbaku alikuwa akigonga milango yote miwili kwa wakati mmoja.

Jamii hizo nazo zilikuja kugawanyika. Baina ya mwaka 1986 na 1988 jeni za vipokezi vya muskarini zilisomwa, vikaonekana kuwa vitano, navyo huhesabiwa M1 hata M5. M2 vyatawala katika moyo, M3 katika tezi, na M1 na M4 katika ubongo. Vile vya nikotini vimejengwa kwa njia nyingine kabisa: ni sehemu tano zilizosimama kama mbao za pipa, na katikati yake tundu la kupitishia chumvi zenye umeme. Wanyama wanyonyeshao wana jeni 16 za mbao hizo, na kila mchanganyiko una tabia yake. Mchanganyiko wenye alfa-4 na beta-2, na ule wenye alfa-6, ndio uliopatikana kuhusika hasa na kumfunga mtu kwa nikotini, kwa kuwa umo katika chembe za ubongo zinazomwaga dopamini.

Hapo ndipo swali la sahani ya Ibn Battuta linaporudi. Kama kufungwa ni kazi ya vipokezi vya nikotini, na popoo ni ya muskarini, je, watu wa pwani kabla ya tumbaku hawakufungwa na tambuu? Kwa muda mrefu vitabu vya dawa havikuwa na jibu zuri, maana tendo la muskarini halitoshi kueleza mazoea makali ya popoo yanayoonekana huko Asia, hata kwa wasiotia tumbaku. Mwaka 2015 Papke na wenzake wa Marekani walitangaza majaribio juu ya mayai ya chura wa Afrika ya Kusini, yaliyotiwa vipokezi vya binadamu. Arekolini iliviamsha vile vya alfa-4 na vya alfa-6, ingawa kwa nguvu ya asilimia 6 hadi 10 tu. Vya alfa-7 haikuviamsha peke yake. Ni nguvu kidogo. Lakini ni ya mlango uleule wa tumbaku. Jaribio la yai si historia, na haliwezi kutoa ushahidi juu ya watu wa karne ya kumi na nne. Hata hivyo laondoa kikwazo: tabaka ya chini ya uraibu yaweza kuwa na kifungo chake yenyewe.

Neno lenyewe lilikwisha tangulia. Kutoka mchanganyiko wa tambuu lilienea kwa vitu vingine vya mazoea, sigara na kahawa, kisha likahamia kwenye hali. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza mwaka 2011 kutoa methadoni kwa waliofungwa na heroini, uraibu ndilo neno lililotumika kwa maradhi hayo, na mgonjwa akaitwa mraibu. Methadoni hukaa katika vipokezi vya afyuni vya aina ya mu, ambavyo havina undugu na vile vya popoo wala vya tumbaku. Kuwako kwa vipokezi vya afyuni katika ubongo kulithibitishwa mwaka 1973. Wako wanaosikitika kwamba neno la heshima ya mgeni limetwikwa aibu ya dawa za kulevya. Masikitiko hayo yana haki yake, hasa kwa wazee ambao kijaluba kwao ni adabu. Lakini neno halikupotoka sana. Popoo yenyewe, hata pasipo tumbaku, ilitangazwa mwaka 2004 na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani kuwa yaleta saratani, kwa hiyo usafi wa kijaluba si wa kutetewa kwa kila hali.

Popoo imeacha pia urithi wa namna nyingine. Wakemia waliichukua arekolini kama kielelezo wakaunda zanomelini, dawa inayopendelea M1 na M4. Katika miaka ya 1990 ilijaribiwa kwa wazee wenye kupotewa na akili, ikaonekana kutuliza sauti na njozi, lakini ikaangushwa na kutapika, jasho na mate, yaani madhara yaleyale yampatayo mtafunaji mgeni. Baadaye ilichanganywa na trospiamu, dawa ya tabia ya mnanaha isiyopenya kuingia ubongoni, ili ifunge milango ya nje na kuiacha ile ya ndani. Mwezi wa Septemba 2024 mchanganyiko huo uliruhusiwa Marekani kwa ugonjwa wa skizofrenia, nao ulikuwa wa kwanza wa ugonjwa huo kupita njia ya vipokezi vya muskarini.