Safari ya wamisionari wa Kijerumani Unyakyusa (1891)

Safari ya wamisionari wa Kijerumani Unyakyusa ilifanywa mwaka 1891 na makundi mawili ya Kiprotestanti, moja la Kanisa la Moravian kutoka Herrnhut na jingine la Shirika la Misheni la Berlin. Yote mawili yalifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka huohuo. Kutokana na kazi yao yalizaliwa makanisa ya Moravian na Kilutheri ya Kyela, Busokelo na Rungwe.

Mahali

Sehemu ya chini ya nchi hii ni uwanda wa Kyela. Magharibi mwa uwanda kuna Ipyana. Mashariki kuna Matema na Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kuuletea uwanda udongo wa rutuba, mafuriko na mbu. Leo wilaya ya Kyela inajulikana kwa mpunga na kakao. Wageni wa 1891 walikuta migomba, ng'ombe na vijiji safi vilivyopangwa kwa rika: vijana waliofikia umri walihama kwa wazazi wao wakajenga kijiji chao. Kila eneo lilikuwa na malafyale (chifu) wake, na hapakuwa na mfalme mmoja wa Wanyakyusa wote.

Chimbuko

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, waliokwisha kuufikia ukanda huu, wakabaki na kazi yao upande wa Nyasaland, na mashirika ya Kijerumani yakaingia upande wa kaskazini. Kwa Wamoravian, wosia wa Daniel Crakau, tajiri wa Breslau, ulisaidia kupatikana kwa fedha. Kundi la Berlin liliongozwa na Alexander Merensky, aliyekuwa ameanzisha kituo cha Botshabelo huko Transvaal mwaka 1865.

Njia

Ingawa walikuwa wakienda koloni la Kijerumani, wasafiri hawakupitia Dar es Salaam. Walianzia mdomo wa Zambezi, wakapanda mto Shire, wakayazunguka maporomoko yake kwa miguu, kisha wakavuka ziwa kwa meli ya African Lakes Company hadi Karonga. Hivyo walitegemea vyombo vya Waingereza na wapagazi wa Kiafrika. Karonga kwenyewe hapakuwa na amani, kwa kuwa mapigano na mfanyabiashara wa watumwa Mlozi hayakumalizika hadi 1895. Homa nayo ilichukua wake: kati ya Wamoravian wanne wa kwanza, Georg Martin alifariki mwaka huohuo wa 1891.

Vituo

Makundi hayo yaligawana nchi: Wamoravian magharibi, Berlin mashariki. Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianzia Rungwe, kisha wakafungua Rutenganio na Ipyana mwaka 1894. Berlin walianzia Wangemannshöhe, kituo kilichopewa jina la mkurugenzi wao Theodor Wangemann, wakafuatisha Manow na Mwakaleli. Vituo vingi viliwekwa kwenye miinuko ili kuikimbia malaria. Ipyana na Ikombe vilibaki karibu na ziwa. Ikombe palipokea watu waliookolewa utumwani.

Ardhi ilitoka kwa wenyeji. Malafyale aliyewakaribisha wageni alipata majirani wenye bunduki na bidhaa, tena wenye uhusiano na serikali mpya. Waumini walipatikana polepole: Rungwe, ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1897. Kikwazo kikubwa kilikuwa ndoa za wake wengi, kwani mwanamume aliyetaka kubatizwa alitakiwa abaki na mke mmoja. Kwa mwenye ng'ombe na wake kadhaa, sharti hilo liligusa heshima yake, mashamba yake na undugu wake na wakwe.

Vita na kanisa la wenyeji

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwezi Mei 1916, majeshi ya Waingereza yalivuka kutoka Nyasaland na kuiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Waskoti wa Livingstonia wakasimamia kazi wakiwa wachache mno. Mahubiri, shule na mafundisho ya ubatizo vikawa mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta kanisa lililokwisha kuzoea kujiendesha. Baadhi ya waumini walikwenda mbali zaidi: African National Church, iliyoingia kutoka Nyasaland, iliwapokea wenye wake wengi bila kuwataka waachane nao. Vita vya Pili vya Dunia viliwaondoa tena Wajerumani.

Hali ya sasa

Walutheri wa eneo hili wako katika Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kanisa lililoundwa kutokana na muungano wa makanisa ya Kilutheri mwaka 1963. Wamoravian wa Jimbo la Kusini wana makao yao Rungwe. Dayosisi ya Konde huendesha hospitali za Itete na Matema. Urithi wa shirika la zamani unaendelezwa na Berliner Missionswerk, ambalo ni mshirika wa dayosisi hiyo. Wageni wa makanisa rafiki wanaweza sasa kutua kwa ndege uwanja wa Songwe na kufika ziwani kwa gari kupitia Tukuyu. Ratiba, ibada na miradi hupangwa na mchungaji na wazee wa usharika unaowapokea.