Kijiji cha Msitu wa Naliboki

Desemba 1941 Wanazi na vibaraka wao waliwaua maelfu ya Wayahudi wa Nowogródek, mji ambao leo uko Belarus. Waliouawa ni pamoja na wazazi wa Tuvia, Asael, Zus na Aron Bielski. Ndugu hao wanne, wana wa kijijini walioujua msitu tangu utotoni, walijificha porini, wakatafuta silaha, wakaunda kikosi.

Tuvia, aliyekuwa kiongozi, alimpokea kila Myahudi aliyetoroka geto, awe kikongwe au mtoto. Wapo walionung'unika kwamba walaji walikuwa wengi kuliko wenye bunduki. Tuvia hakuyumba: kwake, kumwokoa bibi kizee mmoja kulikuwa bora kuliko kuua askari kumi wa Kijerumani.

Kufikia mwishoni mwa 1943, ndani ya msitu wa Naliboki kulikuwa na kijiji kizima. Watu walilala katika mahandaki yaliyoezekwa kwa magogo na udongo. Palikuwa na tanuri la mikate, kinu, bafu, shule, na karakana ya ngozi iliyotumika pia kwa sala. Washona viatu waliwahudumia hata wapiganaji wa Kisovieti wa jirani, na malipo yao yakaingia chunguni. Julai 1944 walitoka msituni wakiwa hai zaidi ya watu 1,200.

Taarifa za kivita huhesabu adui waliouawa na reli zilizolipuliwa; mwoka mikate hana safu yake. Habari zake zilihamia Israeli na Marekani pamoja na walionusurika, zikasimuliwa mezani kwa watoto na wajukuu. Tuvia mwenyewe aliishia New York, akiendesha lori, bila umaarufu. Muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 1987 alihojiwa na Nechama Tec, msomi ambaye naye aliokoka vita akiwa mtoto. Tec aliwahoji na wengine, akalinganisha maelezo yao, na mwaka 1993 akatoa kitabu, *Defiance*. Humo hakuficha kwamba wenye bunduki walikula vizuri kuliko wasio nazo.

Ukweli huo haukumvunjia Tuvia heshima. Familia inayohifadhi ushujaa wa babu na ihifadhi pia manung'uniko ya waliolala na njaa, maana nao ni miongoni mwa wale aliowaokoa.